Bei ya Dukani na Bei ya Miaka Mitano: Hotuba Kuhusu Kununua Kompyuta ya Nyumbani

Maneno haya yalisemwa Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi ya siku ya kugawana akiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya wanakikundi waliokuwa safarini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mhazini, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu, mwangaluka!

Asanteni sana. Mwenyekiti aliponialika alinieleza kwamba mwaka huu, watu walipoulizwa watafanyia nini fedha zao za mgao, wapo waliotaja bati, wapo waliotaja ada, na wapo wengi kuliko alivyotarajia waliotaja kompyuta ya nyumbani. Akanieleza pia kwamba wote hao wana swali moja, nalo ni hili: je, ninunue ya bei nafuu, au nijikaze ninunue ya bei kubwa? Mimi ni fundi, na kazi yangu ni kufungua mashine zilizokwisha kununuliwa. Swali hilo huwa nalikuta mezani likiwa limeshajibiwa, mara nyingi vibaya, na mwenyewe amesimama mbele yangu akitaka kujua kama kuna la kufanya.

Sote tumelelewa na msemo kwamba rahisi ni ghali. Naomba radhi kwa wazee, lakini katika jambo la kompyuta msemo huo ni nusu tu ya ukweli. Ghali nayo inaweza kuwa hasara. Mzee mmoja wa Buzuruga, mtu mwenye uwezo na mapenzi makubwa kwa binti yake wa kidato cha pili, alimnunulia kompyuta mpakato iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, kwa sababu muuzaji alimwambia kwamba hakuna iliyo juu ya hiyo. Ni kweli, ilikuwa mashine kali. Ilikuwa pia nzito kuibeba, chaja yake kubwa peke yake ilijaza mfuko wa shule, feni yake ilivuma usiku kucha, na betri yake haikufika popote umeme ulipokatika. Binti alikuwa akifanya nini juu yake? Alikuwa akiandika kazi za shule na kusoma vitabu. Nawauliza, ndugu zangu: mzee huyu alinunua ubora? Alinunua ubora, naam, lakini ni ubora wa kazi ambayo nyumbani kwake haipo.

Kwa hiyo, kabla ya bei, tuanze na kazi. Nyumba nyingi za hapa kwetu zinahitaji kompyuta kwa mambo yanayofanana. Watoto wanahitaji kuandika na kusoma, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake mtandao. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anahitaji kujaza maombi ya mkopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, bila kupanga foleni kwenye steshenari siku za mwisho. Mwenye biashara anahitaji kusajili jina la biashara yake BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, kutunza hesabu za mauzo ya dagaa, na anayeuzia taasisi za serikali analazimika kuingia katika mfumo wa ununuzi wa NeST. Kazi zote hizo simu inaweza kuzigusa, lakini anayejaribu kuandika barua ya kurasa nne kwa kidole gumba anajua ninachokisema. Kwa kazi hizo, mashine yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya gigabaiti 8 na hifadhi ya SSD, ile isiyo na diski ya kuzunguka, ya gigabaiti 256 inatosha, na inatosha kwa miaka kadhaa. Anayehariri video za harusi ana hesabu nyingine kabisa, aanzie gigabaiti 16 za RAM, na huyo tutaonana pembeni.

Sasa niingie katika kiini cha maneno yangu, nanyi mniruhusu nikae hapo muda mrefu kidogo.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nansio, kule Ukerewe, alivuka ziwa kuja mjini akiwa na fedha taslimu na uamuzi thabiti: hataki mtumba. Alisema amevaa mitumba ya Mlango Mmoja ujana wake wote, na kompyuta yake ya kwanza itakuwa mpya, ndani ya boksi, yenye nailoni. Akaipata, tena kwa bei iliyomfurahisha. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, inang'aa. Ndani yake kulikuwa na RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina inayoitwa eMMC, ambayo ni hifadhi ya bei ya chini, yenye mwendo mdogo kuliko SSD, na iliyochomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kwenye karatasi, mashine hiyo ilikidhi masharti, kwa maana gigabaiti 4 za RAM na gigabaiti 64 za hifadhi ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotajwa na Microsoft kwa mfumo wake endeshi wa Windows 11. Lakini kiwango cha chini kabisa ni kizingiti cha kuingilia, na mtu haishi kizingitini. Masasisho ya mfumo yalikuja, hifadhi ikajaa kabla mwalimu hajaweka hata picha za wajukuu, na kila alipofungua kurasa mbili za intaneti mashine ilisimama. Aliponiletea aliniambia, "Fundi, iongezee nguvu." Ningeiongezeaje? RAM ilikuwa imechomelewa, na hifadhi ilikuwa imechomelewa vilevile. Ilikuwa mpya, ilikuwa safi, na ilikuwa imefika mwisho wake siku ileile ilipotoka kiwandani.

Wakati huohuo, mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni alinunua kompyuta mpakato iliyokuwa imetumika katika ofisi za Ulaya, miongoni mwa zile aina zinazotengenezwa kwa ajili ya makampuni: Latitude za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Kwa macho haikuvutia. Kona moja ilikuwa imechubuka, betri ilishika chaji kwa muda mfupi mno, na ndani yake kulikuwa na diski ya zamani ya kuzunguka, zile zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na kukufanya unywe chai yote kabla Windows haijafunguka. Lakini bawaba zake zilikuwa imara, kibodi yake ilikuwa nzima, kioo chake kilisomeka hata barazani, prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa ya kizazi cha 8, na chini yake kulikuwa na skrubu zinazofunguka na nafasi ya pili ya RAM iliyokuwa wazi. Tulitoa diski ile tukaweka SSD, tukaongeza RAM, tukabadilisha betri. Baada ya hapo ilimpita kwa mbali mwalimu na boksi lake.

Mnaona tofauti ilipolala? Nyie watu wa ziwani mnaijua bila kufundishwa. Anayenunua mtumbwi wa kuvulia hukagua kwanza mbao za chombo chenyewe, kwa sababu injini ikifa utafunga nyingine na nyavu zikichakaa utanunua nyingine, lakini chombo kilichooza mbao zake hakiponi kwa injini mpya. Kompyuta nayo ina mbao zake na ina injini zake. Mbao zake ni prosesa, madabodi, kasha la nje pamoja na bawaba, na RAM ikiwa imechomelewa. Kioo na kibodi hubadilika, lakini kioo hasa hukula fedha nyingi kiasi cha kumfanya mtu ajute. Vinavyobadilika kwa urahisi ni SSD, RAM iliyo kwenye nafasi yake, betri na chaja.

Basi nasema hivi, na nitalirudia ili waliokaa nyuma walisikie: lipia leo kile ambacho hakitabadilishika kesho, na ubane fedha pale panapoweza kuongezwa baadaye. Lipia kisichobadilika, bana kwenye kinachobadilika. Mwenye fedha ndogo asione haya kununua mashine nzuri yenye RAM ya gigabaiti 4 kwenye nafasi moja na nafasi nyingine tupu, kwa sababu ataongeza mgao ujao. Aone haya kununua ile isiyoongezeka.

Twende kwenye hesabu, maana hapa tupo wenye daftari. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mashine ya boksi iligharimu shilingi 450,000 na ikatumika miaka 2 hadi mwenyewe alipoichoka. Hiyo ni shilingi 225,000 kwa mwaka. Tuseme ya mama wa Mwaloni iligharimu 700,000, na SSD, RAM na betri vikala 150,000 nyingine, jumla 850,000, nayo ikatumika miaka 5. Hiyo ni 170,000 kwa mwaka. Na ile ya mzee wa Buzuruga, tuiweke 2,500,000, tuipe hata miaka 6 ya uhai, ni zaidi ya 416,000 kwa mwaka kwa kazi ya kuandika na kusoma. Siku ya dukani, ya boksi ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Kwa mwaka, je? Kila mmoja wenu atakayesimama mbele ya muuzaji aigawe bei kwa miaka, na miaka hiyo aikadirie kwa kuangalia kama mashine inafunguka na kuongezeka. Aangalie pia kama vipuri vyake vinapatikana. Mashine za makampuni zimeingia nchini kwa wingi, kwa hiyo betri na chaja zake zipo kwa mafundi wengi wa hapa mjini. Lakini kuna mashine za ajabu ajabu ambazo kipuri chake kikihitajika kinatafutwa Kariakoo na kusubiriwa kwa basi, kisha kinakuja siyo chenyewe.

Kuna mtego mwingine kwenye jina la prosesa. Vijana wetu wamefundishana kwamba kwa prosesa za Intel, i7 ni bora kuliko i5, na i5 ni bora kuliko i3, basi. Wauzaji wanalijua hilo na ndiyo maana kibandiko cha i7 huwekwa mahali pa kuonekana. Kijana mmoja wa chuo pale Nyegezi alikuja akijivunia i7 yake, huku mwenzake waliyeishi naye chumba kimoja akiwa na i5 aliyoinunua kwa bei inayokaribiana. Ya kwanza ilikuwa i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016. Ya pili ilikuwa i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017. Ile i7 ina viini 2 vya kuchakatia, na ile i5 ina viini 4. Tena, Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za kizazi cha 7, na hiyo 7500U haimo. Windows 10 nayo ilikoma kupata huduma ya kawaida ya masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa maneno mengine, mwenye i5 yupo njiani bado na mwenye i7 ameachwa kituoni. Mkiona namba, someni tarakimu zinazofuata mstari mdogo: 7500 ni kizazi cha 7, 8250 ni kizazi cha 8, 10210 ni kizazi cha 10. Hiyo haihitaji cheti.

Je, tumejuaje kwamba mashine iliyo mbele yetu ndiyo inayosemwa? Hapa ndipo wengi wanapoona aibu, kwa sababu sisi tumezoea kwamba kumkagua sana muuzaji ni kumvunjia heshima. Ondoeni aibu hiyo. Binti mmoja wa Sengerema alinunua kompyuta mpakato nzuri sana, ya kizazi cha karibuni, kwa bei iliyokuwa nusu ya wenzake. Ilifanya kazi wiki kadhaa. Siku alipoirudisha katika hali ya kiwandani ili aanze upya, ikaunganishwa na intaneti, ikamwomba aingie kwa barua pepe ya kampuni fulani ya nje ambayo hakuwahi kuisikia. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni hiyo. Huenda iliuzwa bila kufutwa kwenye orodha, huenda iliibwa. Yeye hakuwa na namna ya kujua, na hakuna fundi mwaminifu ambaye angemfungulia. Na mwenye duka alikuwa ameshahama.

Kwa hiyo, kama mashine ni ya mtumba, mwambieni muuzaji airudishe katika hali ya kiwandani palepale mbele yenu na kuiunganisha na intaneti kabla fedha haijabadilisha mkono. Itachukua muda. Kaeni msubiri. Izimeni na kuiwasha mkiingia kwenye mpangilio wa awali wa mashine (BIOS), muone kama inadai nywila. Kisha fungueni dirisha la amri (Command Prompt), mwandike powercfg /batteryreport, nayo itawapa ripoti yenye namba mbili za betri: uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyobaki nao leo. Betri iliyozaliwa na 50,000 na leo inajaa 22,000 imebaki na asilimia 44, na hilo si sababu ya kuikataa mashine, kwa sababu betri hubadilika. Ni sababu ya kushusha bei. Bonyezeni kila kitufe cha kibodi. Fungueni na kufunga kioo mkisikiliza bawaba. Mwisho, daini risiti ya mashine ya EFD, na mwombe namba ya utambulisho ya kompyuta iandikwe kwenye hati ya dhamana, hata kama dhamana yenyewe ni ya miezi mitatu. Muuzaji anayekasirishwa na mambo haya amewasaidia kuamua.

Bado kuna gharama moja haionekani dukani, nayo ni umeme. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 120. Kompyuta mpakato kwa kazi za kawaida inakula wati 30 hivi au chini yake. Kwa saa 5 kila siku, siku 30, ya mezani itatumia uniti 18 za LUKU, na ile mpakato uniti 4.5. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, uniti 18 ni karibu robo ya kikomo chote. Hiyo haimaanishi ya mezani ni mbaya. Kwa bei ileile unapata nguvu zaidi, unapata kioo kikubwa ambacho watoto wawili wanaweza kukitazama pamoja, na karibu kila kipande chake kinabadilika. Lakini umeme ukikatika ghafla inazimika palepale na kazi yako, na umeme ukirudi kwa kishindo ndipo tunapoletewa mashine zinazonuka moshi. Familia moja ya Igoma ilipoteza kwa usiku mmoja kisambaza umeme cha ndani na diski yenye picha zote za msiba wa bibi yao. Walikuwa wameokoa fedha ya UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Anayenunua ya mezani ahesabu UPS kuwa ni sehemu ya bei ya kompyuta, na kama fedha haitoshi vyote viwili, basi achukue mpakato, ambayo betri yake inafanya kazi hiyo bila kuombwa.

Nasi wa kando ya ziwa tuna la ziada. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kwa makundi hasa mwezi unapokuwa mchanga, hufuata mwanga wa kioo usiku, nao feni inawavuta ndani. Nimefungua mashine nyingi za Kirumba na Pasiansi nikakuta vumbi na wadudu wamegandamana kwenye kipoza joto hadi hewa haipiti, na mwenyewe akiamini kwamba aliuziwa kitu kibovu. Kuisafisha mara kwa mara ni bei ndogo, na wakati wa wadudu ni vyema kufunga dirisha au kuhamisha meza.

Kuhusu programu nitasema machache. Mashine nyingi zilizotoka ofisini zimehifadhi leseni yao ya Windows ndani ya madabodi, kwa hiyo msilipie leseni mara ya pili na msikubali kuwekewa Windows ya kuiba ambayo huja na virusi vyake. Kwa kuandika na mahesabu ipo LibreOffice, ya bure na halali. Mashine ya zamani ambayo Windows 11 imeikataa inaweza kuendelea kwa Linux, mfumo endeshi wa bure, na programu huria si jambo geni kwetu, kwani tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hata hivyo, nasema kwa uwazi kwamba nyumba isiyo na mtu wa kuielewa Linux itapata shida mwezi wa kwanza, na anayefikiria njia hiyo ajaribu kwanza kwa kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua watu wanausubiri mgao, na mimi si wa kusimama kati ya mtu na fedha yake. Nimekuja na bisibisi, na nina SSD moja ya kuonyeshea. Waliokuja na kompyuta zao wanione pale chini ya mwembe pamoja na chaja zao, tuzifungue tuone kipi kinaongezeka na kipi kimechomelewa. Na wale ambao tayari wamepatana bei na muuzaji wa mjini, naomba mniandikie kwenye karatasi namba ya prosesa, kiasi cha RAM na aina ya hifadhi, nami nitawajibu leoleo kabla hamjatoa fedha.

Wabeja sana. Karibuni kwa maswali.